Garmin Forerunner 55: saa ya mkimbiaji ambaye mwili wake umebadilika

Forerunner 55 ilitoka Juni 2021 kwa bei ya dola 199.99 za Marekani, ikalengwa kwa mtu anayeanza kukimbia. Lakini kuna kundi jingine ambalo saa hii inalifaa kuliko hata hao wanaoanza, na wauzaji hawalitaji: aliyekuwa akimaliza kilomita 10 kwa dakika 45 na sasa anakaribia saa nzima, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti, mama aliyejifungua, aliyeandikiwa dawa za presha, mzee wa miaka 58 ambaye mwendo wa zamani haurudi hata ajitume vipi. Tathmini hii imeandikwa kwa ajili yao.

Asiye na muda asome aya hii tu. Saa ni nzuri, ila si kwa namna inavyotoka kwenye boksi. Ukiiacha na mipangilio ya kiwandani, inakupima kwa kipimo cha mtu wa kufikirika mwenye umri wako, halafu inakulinganisha na wewe wa miaka ile. Badilisha vitu vitatu, yaani kiwango cha juu cha mapigo ya moyo, njia ya kukokotoa kanda za mapigo (yaani viwango vya ugumu wa mazoezi), na orodha ya rekodi, nayo itaanza kukupa taarifa za mwili ulio nao leo. Kazi hiyo haizidi dakika 15.

Kwanza chombo chenyewe. Uzito ni gramu 37, na kinaendeshwa kwa vitufe vitano bila skrini ya kugusa. Kwa anayekimbia Dar es Salaam hiyo ni faida: vidole vilivyolowa jasho huisumbua skrini ya kugusa, kitufe hakijali. Chaji hukaa hadi wiki mbili ukiivaa kama saa ya kawaida, na hadi saa 20 ikiwa GPS imewashwa. Inavumilia maji kwa kiwango cha ATM 5, kwa hiyo unaweza kuogelea nayo. Skrini ni ya aina inayotumia mwanga wa nje. Jua likiwaka ndipo inaposomeka vizuri zaidi. Udhaifu wake ni udogo: inchi 1.04. Aliyevuka miaka 45 na kuanza kusogeza gazeti mbali na macho hataweza kusoma namba tatu au nne zilizobanana huku anakimbia. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya skrini za mbio na kupunguza idadi ya namba hadi mbili, zitakuzwa zenyewe. Weka mapigo ya moyo juu na muda chini. Kasi ya dakika kwa kilomita iondoe kabisa kwenye skrini ya kwanza. Utaikuta ukirudi nyumbani, na ndipo inapotakiwa kusomwa.

Kuna kitu saa hii haina ambacho kwa kundi hili ni neema. Saa za Garmin za daraja la juu hutoa hukumu juu ya mazoezi yako kwa neno moja kila baada ya mbio, na mtu anayerudi polepole kutoka kwenye jeraha anaweza kuambiwa wiki nzima kwamba mazoezi yake hayazai matunda, hata kama anafuata ratiba ya fiziotherapia kwa usahihi kabisa. Forerunner 55 haina kipengele hicho. Inahesabu, inanyamaza.

Mapigo ya juu: namba inayoharibu nyingine zote

Usipoijaza mwenyewe, saa hukisia mapigo yako ya juu kwa kanuni ya zamani ya 220 kutoa umri. Kwa mtu wa miaka 52 hiyo ni 168. Kanuni ya Tanaka ya 2001, ambayo ni 208 kutoa 0.7 mara umri, inampa karibu 172. Tofauti inaonekana ndogo, ila huzidi kadiri umri unavyosonga: kwa mtu wa miaka 70 ya kwanza inatoa 150 na ya pili 159. Hata hiyo ya pili ni wastani tu wa watu wengi. Ni kawaida kabisa mtu kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10, na wengine hata zaidi. Kwa hiyo watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kukimbia pamoja mmoja akiwa na 145 na mwingine 162, na wote wawili wanapiga soga bila kuhema.

Namna bora ni kuipima. Tafuta mlima wa wastani usio na magari. Pasha mwili kwa dakika 15 hadi 20. Panda kwa nguvu dakika mbili hadi tatu, shuka taratibu, rudia mara tatu, na ile ya mwisho itoe yote uliyonayo. Namba kubwa utakayoiona iko karibu sana na mapigo yako ya juu. Kipimo hiki si cha kila mtu. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyewahi kubanwa kifua au kuzirai akiwa mazoezini, na aliyekaa miezi mingi bila kukimbia wasikifanye mlimani. Wakitake hospitalini, kwenye mashine ya kukimbilia, daktari akiwa pembeni na kipimo cha umeme wa moyo kikiwa kifuani. Asiyeweza kupata hivyo atumie kanuni ya Tanaka kama mahali pa kuanzia, kisha airekebishe kadiri data inavyoingia.

Ili kuijaza, bonyeza na kushikilia kitufe cha katikati upande wa kushoto mpaka menyu ifunguke, ingia kwenye mipangilio, kisha wasifu wa mtumiaji, kisha mapigo ya moyo. Ukiwa hapo hapo hakikisha mwaka wa kuzaliwa na uzito ni vya sasa. Wengi huhamisha akaunti kutoka saa ya zamani pamoja na uzito wa miaka sita iliyopita.

Sasa kanda. Saa ina kanda tano, na kwa kawaida huzikokotoa kama asilimia ya mapigo ya juu: ya kwanza asilimia 50 hadi 60, ya pili 60 hadi 70, na kuendelea. Tumchukue mtu mwenye mapigo ya juu 172. Kanda yake ya pili, ile ya mbio za pole ambazo walimu wote husema ndizo msingi, inakuwa 103 hadi 120. Jaribu kukimbia kwa mapigo 120 ukiwa na miaka 52 saa moja asubuhi Mbezi. Kwa wengi hiyo ni kutembea. Matokeo yake mtu huona anavunja sheria kila siku, huamua kwamba mwili wake umeharibika, na ama huzima saa ama huacha kukimbia.

Ndani ya menyu ileile kuna uchaguzi wa kukokotoa kanda kwa akiba ya mapigo, ulioandikwa %HRR. Akiba ni mapigo ya juu kutoa mapigo ya kupumzika. Mtu wetu akiwa na mapigo ya kupumzika 58, akiba yake ni 114. Asilimia 60 ya akiba hiyo ni 68. Jumlisha 58 upate 126. Asilimia 70 ni 80. Jumlisha upate 138. Kanda ya pili imekuwa 126 hadi 138, na hapo mtu anakimbia kweli, polepole, huku anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Mwili ni uleule na moyo ni uleule. Mapigo ya kupumzika saa hujipimia yenyewe usiku ukilala nayo, kwa hiyo ivae wiki nzima kabla ya kuamini hesabu hii.

Kipimo cha kuongea ndicho mwamuzi. Ukiwa ndani ya kanda ya pili na huwezi kumaliza sentensi, namba imekosewa, punguza. Ukiweza kuimba beti mbili za kaswida bila shida, kuna nafasi ya kuongeza.

Dawa, homa na uzazi

Dawa za presha kama atenolol, propranolol, bisoprolol na ndugu zao hushusha mapigo ya moyo, ya kupumzika na ya juu pia. Mtu aliyeanza dawa hizi ataona saa inamsifu kwa mapigo madogo ilhali miguu mizito na pumzi fupi. Kanda zote za zamani zimekufa siku alipomeza kidonge cha kwanza, na hakuna kanuni ya umri inayoweza kuzifufua. Kwake mapigo yawe taarifa ya pili. Ya kwanza iwe ugumu anaouhisi mwenyewe kwa kipimo cha 1 hadi 10, mbio za pole zikikaa kwenye 3 au 4. Amlodipine na losartan, nazo za presha, kwa kawaida hazileti tatizo hili. Dawa isiachwe kwa sababu ya saa. Kama inazuia mazoezi, mazungumzo hayo ni ya daktari.

Baada ya malaria mambo hugeuka. Damu inaweza kuwa imepungua, kwa hiyo moyo hupiga zaidi ili kubeba oksijeni ileile. Mwendo wa jana wa mapigo 135 leo unaonyesha 152. Saa italisoma hilo kama kushuka kwa uwezo na kukushushia alama ya VO2max, ambayo nitaieleza mbele. Usibishane nayo na usijaribu kuzirudisha alama kwa nguvu. Kimbia kwa mapigo, uache mwendo uwe utakavyokuwa kwa wiki kadhaa. Mapigo ya kupumzika ya asubuhi ndiyo kielelezo kizuri hapa: yakibaki mapigo 7 au 8 juu ya kawaida yako siku tatu mfululizo, siku hiyo tembea.

Kwa aliyejifungua, mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza wa 2019 unashauri kukimbia kusianze kabla ya miezi mitatu, na kabla ya hapo misuli ya nyonga ipimwe. Saa haijui lolote kuhusu hilo. Itakupendekezea mbio siku ya kumi ukiiruhusu.

Kufuta rekodi

Saa hutunza rekodi za kilomita 1, maili, kilomita 5, 10, nusu marathoni na kuendelea. Ukivunja mojawapo inakupongeza. Kwa kijana ni jambo zuri. Kwa aliyeshuka kutoka dakika 22 hadi 28 za kilomita 5, rekodi ya zamani ni mlango uliofungwa, maana hatapongezwa tena maishani hata afanye kazi nzuri namna gani.

Zinafutika. Ingia kwenye historia, kisha rekodi, chagua mchezo, chagua rekodi, thibitisha kuifuta. Au futa zote kwa pamoja. Mbio zenyewe hazifutiki, zinabaki kwenye akaunti. Fanya hivyo pia kwenye programu ya simu. Ushauri wangu ni kufuata utaratibu wa riadha za wakongwe, ambako makundi huanza miaka 35 na hubadilika kila baada ya miaka mitano. Ukiingia 50, andika rekodi za 45 hadi 49 kwenye daftari, kisha futa za kwenye saa. Ukiingia 55, hivyo hivyo. Aliyepata jeraha kubwa aihesabu tarehe ya upasuaji kama mwanzo wa kundi jipya.

Anayeona huko ni kujidanganya amtazame Kenenisa Bekele, mkimbiaji wa Ethiopia. Mwaka 2004 alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12:37.35 huko Hengelo, Uholanzi, rekodi ya dunia ya wakati huo. Muda huo hataufikia tena na hajaribu. Mwaka 2024, akiwa na miaka 41, alishika nafasi ya pili London Marathon kwa saa 2:04:15, muda ambao hakuna mwanamume aliyevuka miaka 40 aliyekuwa ameufikia. Hiyo ni orodha nyingine, na ni orodha halali.

Kuna hesabu moja ya maana ambayo saa haifanyi, na ilipaswa kufanya: asilimia ya umri. Shirikisho la riadha za wakongwe duniani lina majedwali ya viwango kwa kila umri, jinsia na umbali. Unachukua muda wa kiwango, unaugawa kwa muda wako, unazidisha kwa 100. Kwa namba za mfano: mtu wa miaka 50 mwenye kiwango cha dakika 14:48 kwa kilomita 5 akikimbia dakika 23:41 anapata asilimia 62.5. Miaka kumi baadaye kiwango chake kikiwa 16:00 na yeye akakimbia 25:36, anapata asilimia 62.5 ileile. Amepungua karibu dakika mbili na hajashuka hata kidogo. Asilimia 60 kwenda juu huitwa kiwango cha mtaa, 70 mkoa, 80 taifa, 90 dunia. Vikokotoo vya bure vipo kwenye intaneti. Namba ya kuandika kwenye daftari ni hii.

Kukimbia na kutembea

Hapa ndipo Forerunner 55 inapostahili bei yake. Ndani ya mipangilio ya shughuli ya mbio, kwenye tahadhari, kuna moja ya kukimbia na kutembea kwa zamu. Unaweka muda wa kukimbia na muda wa kutembea, saa inatetemeka kila zamu inapokwisha. Iweke kabla ya kuanza mbio. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, ndiye aliyeieneza njia hii kwa miaka mingi, na haijawekwa kwa ajili ya wavivu: wapo wanaomaliza marathoni kwayo kwa muda mzuri kuliko walipokuwa wakikimbia moja kwa moja na kukatika kilomita ya 32.

Kwa anayerudi kutoka jeraha la nyama au mshipa wa kisigino, anza na dakika 1 ya kukimbia na 2 za kutembea, mara 8, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Kisha 2 kwa 1. Kisha 4 kwa 1. Kisha 9 kwa 1. Kila hatua ikae angalau wiki moja, na kwa mwenye miaka zaidi ya 50 mbili ni bora, kwa sababu mishipa hupona taratibu kuliko misuli na mapafu. Kosa la kawaida ni hilo: pumzi inarudi ndani ya wiki tatu, mtu anajiona mzima, anaongeza, mshipa unachanika tena. Kigezo cha kupanda hatua ni maumivu. Yasizidi 3 kati ya 10 wakati wa mbio, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, rudi hatua moja nyuma. Saa haina sehemu ya kupima hili, kwa hiyo andika kwenye maelezo ya shughuli ndani ya simu.

Kosa jingine ni kusubiri kuchoka ndipo utembee. Dakika ya kutembea hutumiwa tangu zamu ya kwanza, ungali mbichi. Ukiiruka mara mbili za mwanzo umeshapoteza faida.

Tahadhari ya mapigo ya juu nayo ipo. Iweke mapigo matano juu ya mwisho wa kanda yako ya pili, si juu ya mstari wenyewe. Mapigo huchelewa nusu dakika hivi kufuata miguu, na kwenye joto hupanda yenyewe baada ya dakika 40 hata mwendo usipobadilika. Ukiiweka kwenye mstari, mkono utatetemeka njia nzima kama simu ya mdaiwa.

Namba za kutoamini haraka

Sensa ya mkononi husoma kwa mwanga wa kijani unaopita kwenye ngozi. Tatizo lake linalojulikana ni kushika mdundo wa hatua badala ya moyo. Hatua za mkimbiaji huwa kati ya 160 na 180 kwa dakika. Ukiona mapigo 168 yametulia kama yamegandishwa na wewe unaongea bila shida, hizo ni hatua. Vaa saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, kaza tundu moja zaidi kabla ya kuanza, futa losheni na jasho, tembea dakika tano kwanza. Isipotosha, nunua mkanda wa kifuani kama Garmin HRM-Dual, unaotumia betri ya CR2032 inayopatikana kwenye maduka ya saa. Lowesha sehemu zake za kugusia ngozi kwa maji kabla ya kuvaa. Mkanda mkavu hutoa upuuzi kwa dakika kumi za kwanza. Kwa anayepanga mazoezi yake yote kwa mapigo, mkanda ni sehemu ya bei. Uweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

VO2max, yaani kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, saa haikipimi. Inakikisia kwa kulinganisha mwendo na mapigo, na inahitaji angalau dakika 10 mfululizo mapigo yakiwa asilimia 70 ya ya juu au zaidi. Kwa hiyo chochote kinachopandisha mapigo bila kuongeza mwendo kinaonekana kama uzee: joto na unyevu wa Dar es Salaam mwezi wa pili, mchanga wa Coco Beach, vilima vya Karura, usingizi mbovu. Mwinuko nao: Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, Iten mita 2,400, na hewa ya huko ina oksijeni kidogo kwa kila pumzi. Modeli za juu kama Forerunner 265 hurekebisha hesabu kwa joto na mwinuko. 55 haifanyi hivyo, wala haina kipimo cha mgandamizo wa hewa. Mtu anayehama kutoka Tanga kwenda Mbeya atashuka pointi kadhaa ndani ya wiki moja bila kupoteza kitu. Tazama mwelekeo wa wiki sita hadi nane kwenye njia ileile na saa ileile ya siku. Na kumbuka kwamba kupungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka ni jambo la maumbile, hata kwa anayefanya mazoezi. Kwa asiyefanya huweza kufika asilimia 10 kila muongo.

Utabiri wa muda wa mashindano unatokana na namba hiyohiyo, na unachukulia kwamba umefanya mazoezi yanayotosha kwa umbali husika. Kwa kilomita 5 unakaribia ukweli. Kwa marathoni, kwa mtu anayekimbia kilomita 25 kwa wiki, ni hadithi. Usipange mwendo wako wa marathoni ya Moshi kwa utabiri huo.

Muda wa kupumzika, ambao unaweza kufika siku nne, unahesabiwa kutokana na moyo. Haujui kwamba goti limevimba wala kwamba jana ulilima. Ukisema pumzika, pumzika. Ukisema uko tayari, uliza miguu kwanza. Mapendekezo ya mazoezi ya kila siku ni ya busara kwa mwenye afya, lakini kwa anayefuata ratiba ya fiziotherapia ni kishawishi, kwa hiyo yazime ukianza tu. Body Battery, yaani makadirio ya nguvu zilizobaki mwilini, ni ya kufurahisha kutazama, basi.

Nyingine sokoni

Coros Pace 3 ya 2023 ni nyepesi zaidi, gramu 30 ukiwa na mkanda wa kitambaa, na inapokea setelaiti kwa masafa mawili, hivyo haipotei sana katikati ya majengo marefu ya Posta. Anayependa data nyingi aichukue. Mwenye macho yaliyochoka aongeze fedha hadi Forerunner 165 ya 2024, iliyotoka kwa dola 249.99: skrini ya inchi 1.2 inayong'aa, gramu 39, kipimo cha mgandamizo kimo. Asiye na hela hizo asione amekosa kitu kikubwa. Saa ya dukani yenye kuhesabu muda, kipimo cha kuongea na daftari vinafanya kazi saba kati ya kumi zilizotajwa hapa.

Ukiinunua mkononi mwa mtu, iunganishe na simu yako kabla ya kulipa. Ikikataa kutambulika kwenye Garmin Connect, programu ya simu ya Garmin, rudisha. Kisha irejeshe kwenye hali ya kiwandani, maana umri, uzito na mapigo ya juu ya mwenye nayo wa kwanza vikibaki humo, utakuwa unakimbia kwa moyo wa mtu mwingine. Kagua matundu manne ya kuchajia nyuma: yakiwa na ukijani au weusi, chumvi ya jasho imeshaanza kuyala na chaji itasumbua. Yako mwenyewe ioshe kwa maji baridi kila baada ya mbio, na usiichomeke kwenye chaja kabla haijakauka.